Neti ya kabini niliyoshonewa Mwanjelwa, baada ya miezi saba na trip tano za Kongo

Wakuu habari za safari. Kuna neti ya kulalia kwenye kabini nilishonewa na mama mmoja fundi pale Mwanjelwa Mbeya, mwezi wa pili mwanzoni, sa hivi ina miezi saba na imeshaenda Kongo na kurudi mara tano, na kila nikipaki mahali lazima aje mtu achungulie aulize umeitoa wapi, bei gani, na inasaidia kweli au urembo tu. Nikaona bora niandike mara moja, uzuri wake na ubovu wake, maana mi hili suala la malaria kwa sisi watu wa malori naliona kubwa kuliko tunavyolichukulia.

Nianze na kilichonipeleka kwa fundi. Mwezi wa kwanza mwaka huu tulilala foleni ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, usiku nne, mvua za kule mnazijua, inanyesha mchana jioni inakata afu joto linapanda kutoka ardhini, kabini inakuwa kama jiko. Kuwasha injini ili upate AC huwezi, mafuta yanahesabiwa, ukizidisha lita kumi unaulizwa. Kwaiyo unashusha vioo pande zote mbili unalala kifua wazi, na mbu wanaingia kama wameitwa. Usiku wa pili niliwasha tochi ya simu nikawahesabu kwenye dari ya kabini juu ya kitanda, nilifika kumi na saba nikaacha, na walikuwa wamekaa ule mkao wao wa kuinua mkia juu, yule ndo mbu wa malaria mwenyewe, Anofelesi. Jike ndo anauma, na kazi yake anaifanya usiku.

Asubuhi nilivyoshuka nikaangalia chini nikaelewa wanatoka wapi. Pale tulipopaki hakuna lami, ni udongo, na malori yakipita kwenye tope yanaacha mifereji ya matairi, mvua ikinyesha ile mifereji inajaa maji, maji yanatulia, jua linayapiga. Huyu mbu hapendi maji ya choo wala mtaro unaonuka, anapenda kidimbwi kidogo cha maji ya mvua yaliyotulia juani, yaani ule mfereji wa tairi ni kama tumemchimbia sisi wenyewe. Nilichuchumaa nikaona viluwiluwi vyake vimelala juu juu ya maji vinakimbia ukiweka kivuli cha mkono. Kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni kama wiki moja mpaka mbili, kwenye joto inakuwa haraka zaidi, kwaiyo foleni ya wiki iliyopita ndo inazalisha mbu wa kuuma foleni ya wiki hii. Na Kongo siyo mahali pa kuchezea, ni nchi ya pili duniani kwa wagonjwa wengi wa malaria baada ya Nigeria, katika kila wagonjwa 100 wa dunia nzima kama 12 wako Kongo. Sasa wewe unalala hapo kifua wazi.

Tukashusha mzigo, tukapakia shaba, tukarudi. Zambia yote nilikuwa mzima kabisa. Tunduma mzima. Hapa ndo wengi tunapodanganyika, vijidudu ukishaumwa vinaenda kukaa kwenye ini kwanza kimya kimya, homa inakuja baada ya wiki moja, siku kumi, wiki mbili, wakati huo umeshavuka nchi. Unaugua Makambako unalaumu baridi ya Makambako. Na mi ndo nilivyofanya, kutoka Makambako nilianza kusikia baridi nikavaa jaketi, nikasema hii ni hali ya hewa ya huku, Mafinga nikaongeza kofia, mdomo mchungu, chai haipiti, mgongo kama nimepigwa na spana. Tumepita njia panda ya Iringa mikono ikaanza kutetemeka kwenye usukani na siwezi kuizuia.

Nyie mnajua mbele yangu kulikuwa na nini. Mteremko wa mlima Kitonga. Tani 28 mgongoni, nashuka Kitonga natetemeka, macho yanaona maji. Utingo wangu kijana wa Kyela akaniangalia akaniambia, "Mzee, hatushuki. Tupaki Ilula." Akasema mara mbili. Nashukuru Mungu nilimsikiliza, tukapaki Ilula pale pembeni ya wauza nyanya na vitunguu. Mlima ule tumeshazika wenzetu wengi, na kila ajali inasemwa breki, breki, mara dereva alisinzia, hakuna anayeuliza kama dereva alikuwa na homa.

Zahanati wakanitoboa kidole, tone la damu kwenye kile kipimo kidogo cha plastiki, wakaweka matone ya dawa, robo saa tu mistari miwili. Malaria. Nikapewa dawa mseto, vidonge 24.

Hapa kwenye dozi naomba nikae kidogo maana ndo tunapoangukia. Mtu mzima ni vidonge vinne kwa mara moja, mara sita, siku tatu. Vya kwanza unameza hapo hapo, vya pili yakipita masaa nane, hayo masaa nane ni ya kuhesabu kwenye saa yako siyo "jioni jioni", baada ya hapo asubuhi na usiku mpaka viishe. Na unameza ukiwa umekula, chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, ukimeza na tumbo tupu dawa haiingii vizuri mwilini. Sasa dereva anafanyaje, anameza vinne asubuhi, homa inashuka mchana, vilivyobaki anaviweka kwenye deshibodi "akiba ya trip ijayo". Nimewahi kufanya hivo mimi mwenyewe miaka ya nyuma, duka moja njiani waliniuzia bila kunipima wala kuniuliza chochote, nikala nusu, wiki ya tatu nikaanguka vibaya zaidi mpaka nikawekewa dripu. Dawa kwenye deshibodi inapikwa na jua pia, joto la kioo cha mbele si la kuhifadhia dawa.

Na wazee wetu wa barabara ambao bado wanaomba SP, vile vidonge vya zamani vya malaria, wakisikia homa, jamani ile iliachwa kutibia malaria tangu 2006 mseto ulipoingia, kama klorokwini ilivyoachwa 2001. SP sa hivi ni ya kinamama wajawazito kliniki. Ukiimeza wewe dereva unaipa malaria muda wa kujipanga.

Nililala Ilula siku mbili. Simu kutoka ofisini zilikuwa nyingi sitazieleza hapa.

Nikapata muda wa kuwaza kitandani. Nyumbani kwangu Mbagala tuna neti tatu, zote za bure au za bei poa, mke wangu alipata moja kwa ile hati punguzo ya kununulia neti akiwa mjamzito, ya pili ilikuja kwenye ugawaji wa nchi nzima, ya tatu mtoto alirudi nayo toka shule. Serikali imefanya kazi hapo, hilo nalisema waziwazi, hati punguzo ilianza 2004, na neti za shuleni zilianza 2013 kwa mikoa ya kusini. Lakini angalia njia zote hizo, kliniki ya wajawazito, kaya, shule. Mi siyo mjamzito, siyo mwanafunzi, na kwenye kaya nalala usiku nne au tano kwa mwezi. Neti imefungwa kwenye kitanda nisicholala. Kitanda changu mimi ni kile godoro nyuma ya siti, hicho hakuna anayekihesabu. Kwaiyo nikaamua nakihesabu mwenyewe.

Trip iliyofuata nikapita Mwanjelwa. Huyu mama kazi yake hasa ni kushona makava ya viti na mapazia ya kabini, ana mashine nzito ile ya kushonea ngozi na turubai, ndo maana nilimchagua. Neti yenyewe nilinunua dukani, ya futi 6 kwa 6 yenye dawa iliyotiwa kiwandani, hakikisha ni ya hivo, siyo kitambaa cha neti cha mita ambacho hakina kitu. Yenye dawa mbu akitua inamshughulikia hata kama kuna katobo, isiyo na dawa ni ukuta tu. Nikamletea gari mpaka nje, kabini yangu ni Howo, akapanda mwenyewe na futi yake, akapima kitanda, akapima kutoka godoro mpaka dari, akapima reli ya pazia. Halafu akalala kitandani akanyoosha mkono pembeni akaangalia kiwiko kinafika wapi, nikajua huyu anaijua kazi.

Maana tatizo kubwa la neti ndani ya kabini ni hilo la kiwiko. Kitanda chembamba, sentimita sabini na kitu, ukigeuka mkono au goti linagusa neti, na mbu akiwa nje anakuuma kupitia tundu la neti bila shida. Wengi wanaotundika neti ya nyumbani kabini wanaamka wameumwa mkono mmoja tu afu wanasema neti hazisaidii. Alichofanya mama ni hivi, upande wa chini wote, kama sentimita thelathini na tano kutoka godoro kwenda juu, akashona kitambaa kizito cha kaki, neti inaanzia juu ya hapo. Ukigeuka unaegemea kaki, siyo neti. Pindo la chini akaacha refu la kuchomekea chini ya godoro. Juu, upande wa mbele inaning'inia kwenye reli ya pazia kwa kulabu zile zile za pazia, upande wa nyuma akaweka velkro, moja kwenye neti, moja amebandika na gundi kwenye kitambaa cha dari. Mlangoni zipu ndefu inafungukia miguuni. Asubuhi unaifungua upande mmoja unaisukuma pembeni kama pazia, haikusumbui kabisa ukiendesha.

Na akanipa kitu cha pili ambacho sikukiomba, soksi za milango. Ni neti iliyoshonwa kama mfuko, unafungua mlango, unauvalisha kwa juu kama unavyovaa soksi, unafunga mlango, afu unashusha kioo. Hewa inaingia, mbu anabaki nje. Hii kwa Kasumbalesa na Ruaha Mbuyuni na yale maeneo ya joto ndo imeniokoa kuliko hata neti ya kitanda, kwa sababu mtu anavua neti siyo kwa kuipuuza, anaivua kwa joto. Vioo vikiwa wazi pande zote upepo unapita, unalala.

Gharama, neti 18,000, ushonaji wote na soksi mbili 45,000, zipu na velkro zilikuwa ndani ya hiyo. Jumla 63,000. Wapo walioniambia ghali. Mi siku mbili za Ilula na dawa na chakula na posho niliyokatwa ilizidi hapo mara kadhaa.

Ubovu wake sasa. Zipu ilikufa mwezi wa tatu tu, vumbi. Aliweka zipu ya plastiki ya kawaida ya sketi, na vumbi la barabara linaingia kwenye meno inagoma, usiku mmoja Nakonde, upande wa Zambia ukivuka Tunduma, nililala nimeishikilia kwa vibanio vya nguo. Nilirudi akanibadilishia zipu nene ya mabegi bila kunidai, ila angeanza na hiyo. Velkro ya darini gundi iliachia joto lilipozidi, nikamwambia akaishona kwa mkono moja kwa moja kwenye kitambaa cha dari, toka hapo haijatoka. Soksi ya upande wa dereva haikai vizuri, mkono wa kioo cha pembeni unaizuia, akakata mpasuo akaweka velkro, inafunga lakini inabaki kiupenyo pale kwenye kona, naziba na kitambaa. Hiyo bado hajaipatia dawa. Na ni mtu mmoja na mashine moja, ukienda wakati wa msimu wa sare za shule utasubiri siku tatu, na lori halisubiri siku tatu Mbeya, kwaiyo mpigie kabla, mwachie vipimo ukienda, chukua ukirudi.

Kufua, msifanye nilivyofanya mara ya kwanza. Nilimpa dada mmoja wa kufua njiani akaiweka jiki na akaianika juani inang'aa nyeupe peee. Dawa ya kwenye neti jua na jiki vinaila. Unafua kwa sabuni ya kawaida ya mche, maji ya baridi, unaanika kivulini. Neti hizi zimetengenezwa kuvumilia kama mafuo 20 na matumizi ya miaka mitatu kwenye nyumba, kwenye kabini na vumbi letu na moshi sidhani itafika huko, najipanga kubadilisha mapema. Na ikiwa mpya toa kwenye mfuko itundike kivulini siku nzima kabla hujalalia, vinginevyo utawashwa uso.

Kitu neti hii haifanyi, haikulindi saa mbili usiku umekaa kwenye benchi la mama ntilie unaongea foleni imesogea wapi. Kuna aina ya huyu mbu anayeuma nje na kuanzia mapema jioni, kwaiyo pale ni mikono mirefu, suruali, na dawa ya kujipaka kwenye vifundo vya miguu maana ndo wanapopenda. Ile dawa ya kuchoma ya kuzungusha msiweke ndani ya kabini, moshi mnauvuta nyie na godoro linaweza kushika moto mmelala. Na ile ya kupuliza inaua waliomo, ukifungua mlango kwenda haja ndogo wanaingia wengine.

Halafu hili la utingo. Trip ya kwanza na neti mpya tuko Kasumbalesa, nimefunga zipu yangu nimelala raha, saa nane usiku nikashuka. Kijana wangu analala chini ya trela, ameunga turubai kati ya ekseli kama machela, amejifunika shuka la kimasai mpaka kichwani, na nikimulika tochi naona shuka lenyewe limejaa mbu wanatafuta pa kuingilia. Huyu ndo aliyenikataza kushuka Kitonga. Nilimwamsha nikamwambia panda ulale kwenye siti, na soksi zipo mlangoni kwaiyo siti pia zilikuwa salama, lakini kwenye siti mbili na ile gia katikati mtu halali, anakunjika tu.

Tuliporudi Mbeya nikampeleka kwa mama. Akamshonea ya kwake ya boksi, ndefu, ina sakafu ya turubai na neti juu na kamba nne za kufungia kwenye chasi, unaingia kwa zipu unajifungia kama uko kwenye begi. 40,000 pamoja na neti. Mama akamuuliza unalala chali au ubavu, akamwongezea upana. Tangu mwezi wa tatu huyu kijana hajaugua homa hata moja na mwaka jana alikuwa anaugua karibu kila trip mbili, na mi sijaugua. Sisemi ni neti peke yake, kiangazi nacho kimepita hapo katikati na mbu walipungua, mvua zikirudi mwezi wa kumi na moja ndo nitajua vizuri. Nitaongezea hapa hapa.

Kitu kingine cha kuangalia, ukiwa umeugua na ukamaliza dozi, ukipimwa tena kwa kile kipimo cha mistari baada ya wiki mbili tatu kinaweza kuonyesha bado ipo wakati umepona, kinasoma mabaki. Mwambie mhudumu umetibiwa lini ili akupime kwa hadubini, usianze kumeza dozi nyingine bure. Na homa siyo lazima iwe malaria, pima kwanza, nina rafiki yangu alimeza mseto dozi mbili kumbe ni figo.

Wenye makampuni mkisoma hapa, mnatununulia makoti ya kuakisi mwanga na buti na vizima moto, vizuri. Neti moja na soksi mbili haifiki bei ya tairi hata robo. Mama akipewa gari thelathini za aina moja anakata kwa kielelezo kimoja na bei inashuka, nimemuuliza mwenyewe.

Alama nampa 8 kwa 10, mbili nimetoa kwa zipu na ile kona ya mlango wa dereva. Vipimo vya Howo anavyo tayari vimechorwa kwenye boksi la biskuti ukutani kwake, Scania anavyo vya kabini fupi tu, yenye kabini ndefu na FAW itabidi upeleke gari apande apime. Ukifika Mwanjelwa ulizia fundi wa makava ya viti vya malori upande wa mitumba, mwenye mashine ya kijani nje, na umwambie mapema kabisa, zipu iwe ya begi.